Vikanyagio vya Nyuma

Mume wangu alianza kulalamika kwamba pikipiki yake inamkalisha kama mzee aliyekalia kigoda. Hii ilikuwa Kasulu, mwaka 2014, na pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kichina ya kawaida, ile ile inayobeba mikungu ya ndizi, magunia ya maharage na wagonjwa wa wilaya nzima bila kumkwaza mtu. Yeye alikuwa anauza mitumba kwenye magulio, leo Buhigwe, kesho Rungwe Mpya, na kazi hiyo haikuhitaji madaha yoyote. Lakini alikuwa ameona mahali, nadhani kwenye simu ya mwenzake, watu wanaoendesha pikipiki wamelala juu ya tangi, miguu imekunjwa nyuma, makalio juu. Tangu siku hiyo nyumba yetu haikuwa na amani.

Alinieleza taratibu, kama vile mimi ndiye mwenye tatizo. Vikanyagio, yaani vile vyuma viwili ambavyo dereva anawekea miguu, vimekaa mbele mno. Vikirudishwa nyuma na kupandishwa kidogo, mwili wenyewe unainama, magoti yanabana tangi, na pikipiki inakata kona vizuri zaidi. Nikamuuliza kona gani. Barabara zetu zote ni za vumbi, kona zake anazijua kwa kichwa, na kwenye kila moja kuna mbuzi. Akasema mambo ya chombo siyaelewi. Nikarudi jikoni, maana nilikuwa na sufuria motoni na sikutaka kuunguza maharage kwa ajili ya ujinga wake.

Fundi aliyempata alikuwa fundi wa mageti na madirisha, mwenye mashine ya kuchomelea karibu na stendi. Hakuwahi kufanya kazi ya namna ile, na hakuna aliyemzuia kujifunzia kwenye pikipiki yetu. Wakachukua njia ya mkato. Nyuma ya vikanyagio vya dereva kuna vingine viwili vya abiria, na pale tayari pana mahali pa kushikizia. Basi wakavikata vile vya mbele, wakavichomelea pale pa abiria, juu kidogo, na vya abiria wakaving'oa kabisa. Pedeli ya gia wakaiunga kwa chuma kirefu ili ifike kule nyuma, ya breki vilevile. Usukani wakaushusha. Mume wangu alirudi nyumbani kifua kimelala kwenye tangi, akazunguka uwanja wetu mara kadhaa, kuku wakikimbia.

"Na abiria anakanyaga wapi?" nilimuuliza.

"Abiria atajua pa kuweka miguu."

Nilitaka kumrushia kandambili. Si kwa sababu ya chuma, bali kwa sababu abiria wa pikipiki ile alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa anaishi Kitahana, upande wa Kibondo, peke yake tangu baba alipofariki. Kaka zangu walikuwa wamehamia mbali kutafuta maisha. Alikuwa na shamba lake, nyumba yake, mbuzi wake, na macho yaliyokuwa yanafifia. Mtoto wa jicho, walimwambia kwenye zahanati, kwenye macho yote mawili. Kama angepofuka, asingeweza kukaa peke yake tena, na mtu pekee wa kumchukua nilikuwa mimi. Kwangu maana yake ni kwa mkwe wake.

Mtu asiyetoka kwetu anaweza kusema hilo ni jambo dogo. Kwa mama halikuwa dogo. Alikuwa anashika mila ya Waha kama alivyofunzwa na mama yake: mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawagusani, hawatazamani usoni, na mmoja hali chakula mwenzake akiwa anaona. Mume wangu alipokwenda kumtembelea, mama alijifunika kichwa kwa kitenge na kugeuka pembeni, kisha akaniambia mimi, "Mwambie mkwe wangu karibu," na mkwe mwenyewe kasimama pale pale anasikia. Na yeye naye, kwa heshima ile ile, ananiambia mimi nimwambie mama kwamba ameshakaribia. Nilikuwa nabeba maneno yao kwenda na kurudi kama karani. Mwanamke wa namna hiyo, umwambie akalale na kula chini ya paa la mkwe wake mpaka kufa? "Oya," alikuwa anasema, yaani hapana. "Bora nipapase kwangu."

Ndiyo maana macho yale yalikuwa kila kitu. Akiona, anabaki mama mwenye nyumba. Asipoona, amekwisha.

Kanisani Kitahana likatolewa tangazo kwamba madaktari wa macho watakuja Kibondo kwa siku chache, wenye mtoto wa jicho wafike asubuhi wapimwe na kufanyiwa upasuaji. Tulipopata habari nikamwambia mume wangu: mimi natangulia kwa basi kumwandaa mama, wewe njoo na pikipiki, lakini kwanza rudisha vyuma mahali pake. Akasema ndiyo. Ndiyo ya mume wangu naijua, lakini mtu unaishi na matumaini.

Nilikuwa na sababu ya kusisitiza. Safari zote za mama tulizifanya kwa mshikaki: mume wangu mbele, mimi katikati, mama nyuma yangu amekaa upande, kitenge kimefungwa vizuri, mguu kwenye kikanyagio cha abiria. Mimi ndiye niliyekuwa ukuta. Mama alinishika mimi, mimi nikamshika mume wangu, mila ikabaki salama na tukafika.

Tulimsubiri siku ya kwanza, hakuja. Ya pili, hakuja. Simu yake ilikuwa haipatikani, na kila nilipomwambia mama tuchukue bodaboda alinikata: mkwe amesema atakuja, akikuta tumeondoka na mtu mwingine atajiona hana maana kwetu. Jioni ya kuamkia siku ya mwisho ndipo nikasikia mlio. Alifika mwekundu wa vumbi kutoka Kasulu, akaizima pikipiki, akashindwa kunyooka. Alisimama uani amepinda, mikono kiunoni, kwa muda mrefu. Pikipiki ilikuwa vile vile. Fundi, alisema, alikuwa na kazi ya geti la mtu, na amemsubiri siku zote hizo mpaka akakata tamaa. Na vile vyuma vya zamani vilishakatwa, na Kitahana hakuna fundi wa kuvirudisha.

Niliingia ndani. Nilihofia ningesema maneno ambayo mama angeyasikia.

Asubuhi tukaanza. Mume wangu akapanda kwanza, na hapo ndipo nilipoelewa ubaya wa kazi ile yote. Miguu ikirudi nyuma, na makalio yanarudi nyuma. Alikuwa amekaa pale ambapo mimi hukaa. Nikijibana nyuma yake, mama hana kiti. Nikimwachia mama kiti, mimi sina. Tukajaribu kila namna, mume wangu akijisogeza mbele mpaka magoti yakagonga usukani na mguu haufikii gia. Hapakuwa na nafasi ya watu watatu. Pikipiki iliyokuwa inabeba magunia sasa ilikuwa ya mtu mmoja na kiburi chake.

"Mwambie mkwe wangu nitakaa peke yangu," mama akasema. Tukaweka kifurushi cha nguo katikati yao, akapanda upande, miguu inaning'inia hewani, mkono umeshika chuma cha nyuma. Mimi ningefuata na bodaboda.

Hawakufika hata mwisho wa kichochoro cha kutokea barabarani. Mbuzi wa jirani akakatiza, mume wangu akakanyaga breki, na ile breki ya chuma kirefu ikagoma kisha ikashika yote kwa pamoja. Mama hakuwa na kitu cha kukanyaga ajizuie. Akateleza, kifurushi kikaruka, akamwangukia mkwe wake mgongoni, kifua na uso na mikono yote. Wote wawili wakapiga kelele. Mume wangu aliruka kutoka kwenye pikipiki kana kwamba ameungua. Mama alikuwa chini, amejifunika uso kwa kitenge, na hakuwa ameumia popote. Alikuwa analia kwa aibu.

Nikamwinua. "Mwambie mkwe wangu," akasema, "leo nataka kunyoosha miguu. Nitatembea kidogo."

Nikamwambia mama, Kibondo si kidogo. Akaanza kutembea.

Kilichofuata mpaka leo kikinijia nasaga meno. Mama anatembea mbele, anatafuta njia kwa miguu kwa sababu haioni vizuri. Mume wangu hawezi kupanda pikipiki akampita mama mkwe anayetembea, ni utovu wa adabu, basi anaisukuma, anahema, jua linapanda. Nyuma yao mimi. Pikipiki nzima, ina mafuta, inasukumwa kwenye barabara ya Kibondo kwa sababu ya heshima! Watu waliokuwa wanakwenda shamba walitusimamisha. "Mwakeye," wanatusalimu, kisha wanauliza imeharibika nini. Na mama, jinsi alivyo, hawezi kumpita mtu bila kusalimiana mpaka mwisho: habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za wagonjwa. Mimi nahesabu jua.

Bodaboda ya kwanza iliyotokea niliisimamisha. Kijana mstaarabu, kiti kipana, vikanyagio vyote viko mahali pake. "Mama, panda," nikasema.

Mama akasogea pembeni. Akaniambia kwa sauti ya chini, kwa Kiha, kwamba hawezi. Mkwe wake ametoka Kasulu kwa ajili yake, na pikipiki yake iko hapa. Akipanda ya mtu mwingine mbele ya watu hawa wote atakuwa amemvua nguo barabarani. "Mwambie kijana aende."

Nikamgeukia mume wangu. Nilitaka aseme neno moja tu: mama, panda, mimi sitaona vibaya. Lilikuwa neno jepesi. Alikuwa anatazama chini, anafuta usukani kwa kiganja. Nikamwambia, "Sema." Akasema, tena kwa unyenyekevu kabisa, "Mwambie mama afanye anavyoona yeye. Mimi siwezi kumwamulia mzazi."

Kijana wa bodaboda akaondoka. Nilipiga teke jiwe nikaumia kidole. Walikuwa wanaheshimiana, hao wawili, na kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake kwa moyo wote, na jicho la mama lilikuwa linakwenda na ile bodaboda kwenye vumbi. Nilisema hivyo kwa sauti. Mama akaendelea kutembea.

Tulifika Kibondo mchana. Foleni ilikuwa imekwisha. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, alimkalisha kwenye benchi na kumpa maji, akatueleza kwa upole kwamba upasuaji wa mwisho ulishapangwa kwa waliofika asubuhi, na madaktari wanaondoka kwenda wilaya nyingine. Watakaporudi watatangaza. Mama akashukuru. Alishukuru mara nyingi, kana kwamba amepewa kitu.

Kurudi, mume wangu alitangulia peke yake, kwa sababu ya haya. Mama akapanda bodaboda ya mtu baki, akakaa upande, mguu umetulia kwenye kikanyagio, mkono begani kwa kijana wa watu ambaye hakumjua kwa jina, na akafika Kitahana hajatoka hata jasho. Nilikaa nyuma yake nikilia kwa hasira njia nzima.

Mume wangu alivirudisha vyuma wiki iliyofuata. Hakuna aliyemwambia, na mimi sikumpongeza. Madaktari waliporudi mwaka uliofuata, tulimpeleka mama mapema, kwa mshikaki. Walimmulika kwa muda mrefu. Walisema mtoto wa jicho alikuwa amekomaa mno, presha imepanda ndani ya macho, na mishipa imekufa. Hakuna cha kupasua tena.

Tukafunga nyumba ya Kitahana, mbuzi wakaenda kwa jirani, na mama akaja kuishi kwetu Kasulu, chumba cha pili.

Alijifunza kumjua mkwe wake kwa hatua zake. Akisikia anaingia, anavuta kitenge, anageukia ukutani, na kama anakula, anaacha. Chakula kinapoa, hakigusi tena siku hiyo. Alianza kukonda. Mume wangu aliliona hilo kabla yangu.

Jioni moja ya mvua nilikuwa namlisha mama ugali na maharage sebuleni, anacheka juu ya jambo la zamani la kwetu, kitenge kimemteleza mabegani. Nikainua macho, nikamwona mume wangu mlangoni. Alikuwa ameloa chapa, amevua viatu ameshika mkononi, amebana pumzi. Sijui alikuwa amesimama pale muda gani. Upepo ukaleta ubaridi ndani, na mama akaacha kutafuna.

"Nani amekuja?" akauliza.

"Hakuna mtu, mama," nikamwambia. "Kula."