Tawi Lililofungwa Bandeji

Jiwe lilipita kwenye kioo cha kibanda cha nyuma saa tatu asubuhi, siku ya Jumamosi, mwishoni mwa Agosti. Aliyelirusha alitorokea uchochoroni na sikumwona hata kisigino. Nilikuwa jikoni nachemsha maji ya chai. Niliacha birika likilia nikakimbilia kibandani, nikijua nitamkuta mzee anavuja damu.

Mzee hakuwa na jeraha. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake, shali magotini, vipande vya kioo vimetapakaa miguuni, anatazama debe la samli lililokuwa upande wake wa kushoto. Ndani ya debe lile uliota mmea mmoja, mrefu kunifika kifuani, na wiki hiyo ulikuwa umeanza kutoa maua. Tawi lake kubwa lilikuwa limepasuka pale lilipoungana na shina, linaning'inia kwa ganda tu. Mzee alikuwa analia. Tangu kiharusi kimpige mwezi wa pili sikuwa nimewahi kuona machozi yake, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha uso.

Nilikuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya uuguzi, katika hospitali moja upande wa Edgbaston, na nilikuwa nimepanga chumba cha juu kwa mzee huyo na mkewe hapa Saltley. Walikuwa Wahindi wa kwetu, waliouza duka Homa Bay wakahamia Birmingham. Kule nyumbani mimi ningesimama upande huu wa kaunta na wao upande ule, na tusingekula meza moja hata siku ya Krismasi. Hapa tulitumia birika moja na choo kimoja cha uani, na mama mwenye nyumba aliniita mtoto wake. Sitasema hilo lilifuta yote. Lakini alinipikia chakula changu bila pilipili bila kuambiwa, na kwa mtu aliye mbali na mamake hilo si dogo.

Mmea wenyewe haukupandwa na mtu. Walikuwa na ndege wa kijani, jamii ya kasuku wadogo, akafa majira ya baridi. Mama alikung'utia uchafu wa kizimba ndani ya debe alilotaka kupandia pilipili. Pilipili hazikuota. Zikaota mbegu za chakula cha ndege, na mama alipotaka kuzing'oa mzee akapiga fimbo sakafuni, paa, paa, mpaka akaacha mche mmoja. Ukawa wake. Alikuwa hataki kula, hataki mazoezi, mpira niliompa aufinye kwa mkono wa kushoto aliuacha ubiringike chini ya kiti. Lakini kila asubuhi alitaka apelekwe kibandani akauone mche umefika wapi. Daktari alikuwa ametuambia wazi kwamba mkono usipoamka mwaka huu, tusiutegemee tena, na kwamba mgonjwa aliyekata tamaa hukata na roho. Kwa hiyo nilipoliona tawi lile linaning'inia, sikuona tawi.

"Maua yake imekufa," mama alisema nyuma yangu, mikono imejaa unga. "Kwisha!"

"Haijafa, mama," nikamjibu. "Niletee maji na mkasi."

Hasira zangu ziko karibu. Baba yangu, mzee wa kanisa Maragoli, alikuwa akisema zangu zinalala mlangoni. Yule mtupa mawe sikuwa na namna ya kumfikia, basi hasira zote nikazimalizia kwenye kazi. Nilipiga magoti juu ya gazeti, nikaliinua tawi taratibu mpaka mpasuko ukafumba. Na hapo, pua yangu ikiwa karibu kabisa na jeraha, nikaipata harufu.

Majani niliyaona tangu Juni, yamechanua mithili ya vidole, na moyo ukakataa kuelewa. Nani angeotesha kitu kile katika nyumba ya watu wasiovuta hata sigara? Lakini harufu haina ubishi. Nyuma ya nyumba ya jirani yetu Maragoli harufu ile ilitoka kila Jumapili, na mama yangu mzazi alikuwa akitufungia dirisha. Nilikuwa nimepiga magoti Saltley, mwanafunzi wa uuguzi, mgeni katika nchi ya watu, nimekumbatia bangi.

"Mimi naenda polisi leo," mama akasema. "Wakuje waone. Kioo, na hii maua pia. Hii ni ushahidi!"

Hapo ndipo ningesema. Lakini unamwambiaje mtu wa umri wa mama yako, anayewasha ubani kila asubuhi mbele ya miungu yake, kwamba ua analolimwagilia ni bangi? Na mumewe je, ambaye hilo tu ndilo lililobaki likimwamsha? Heshima si utumwa, wanasema. Siku ile ilinifunga kamba. Nilijua polisi wakija na kuutambua mmea, shule itanifukuza, na pengine nchi nayo itanifukuza. Nilijua pia nikiung'oa, mzee atageuza uso ukutani. Nikachagua kuuponya kwanza. Kichwani nilijipa wiki tatu.

Mama alitaka kupaka manjano kwenye jeraha. Nilikataa, akapaka nilipogeuka, basi nikaacha. Nilichukua vibao viwili vyembamba, vile vya kukandamizia ulimi wa mgonjwa anapochunguzwa koo, nikaviweka pande zote mbili za mpasuko kama ninavyofunga mfupa. Bandeji nilikuwa nayo. Nilichokosa ni mkono wa tatu. Mama alikuwa na unga, na tawi likiachwa kidogo linafunguka. Nikauchukua mkono wa kushoto wa mzee, ule uliolala, nikavizungusha vidole vyake kwenye tawi.

"Shika hapa, mzee. Usiachie, nitakugombeza."

Vidole havikushika. Vilikaa tu pale nilipoviweka, lakini uzito wake ulitosha, nikafunga.

Siku ya kwanza majani yote ya tawi lile yalilala. Nilipunguza makubwa ili jeraha lisibebe mzigo, nikasimamisha ufito chini ya tawi, nikatundika gazeti upande wa jua. Maji nilitia kidogo kidogo. Siku ya pili yamelala. Siku ya tatu mama akasema niache kujisumbua. Siku ya nne, kabla ya kwenda kazini, niliingia nikakuta ncha ya tawi imeinua kichwa, nikapiga kelele nikiwa na koti langu la mvua. Mzee alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Kuanzia hapo kila siku niliifungua bandeji na kuifunga upya. Haikuhitajika. Nasema kweli, kwa mmea ilikuwa ni usumbufu. Lakini kila ilipofunguliwa mkono wa mzee ulilazimika kushika, na mpira wa hospitali ulikuwa haujawahi kumlazimisha lolote. Niliimba nyimbo za kanisa nikifunga, ili asione ninavyotazama vidole vyake. Wiki ya pili kidole cha shahada kilikaza. Nilidhani nimekosea, nikafungua nikafunga tena, kikakaza tena. Penye mpasuko pakaanza kutokea fundo gumu, na maua yakanenepa, na harufu nayo ikanenepa. Kila gari liliposimama barabarani nilikwenda kuchungulia dirishani.

Mama alikwenda kuripoti siku ileile ya jiwe, lakini polisi alikuja siku ya kumi na tisa. Nilikuwa nyumbani. Nilimwona dirishani, kijana mrefu mwenye daftari, nikafungua mlango na kusimama katikati yake. Nilimpa chai, akakataa. Nilimweleza juu ya jiwe, urefu wake na upana wake, nikamweleza tena. Nilikuwa nazungumza kwa sauti kubwa isiyo yangu. Aliandika maneno machache akasema angependa kuona upande wa nyuma.

Kabla sijapata uongo mwingine, mama alitoka jikoni anajifuta mikono, uso unang'aa. Karibu wiki tatu alikuwa akiingojea siku hiyo.

"Come, come!" akamwambia. "I show you glass, and I show you flower they broke!"

Tulipita jikoni, mama mbele, polisi katikati, mimi nyuma. Bizari ilikuwa inakaangwa na vitunguu, moshi umejaa. Mama akasukuma mlango wa kibanda.

Debe lilikuwa tupu. Udongo ulikuwa umemwagika sakafuni. Mzee alikuwa kwenye kiti, fimbo katika mkono wa kulia, shali imefunika magoti na tumbo mpaka kifuani, anamtazama polisi kama mwenye duka anayemtazama mteja asiyenunua. Mama alifungua mdomo. Mzee akapiga fimbo sakafuni, paa, na mama akaufunga.

Polisi alitazama kioo kilichozibwa kwa kadibodi. Alinusa, akageuka kuitazama sufuria ya bizari, akakunja pua kidogo. Akaandika, akaaga, akaenda. Kuhusu jiwe lile hakuna aliyewahi kuulizwa.

Nilifunga mlango wa mbele, nikarudi mbio nikaiondoa shali. Mmea ulikuwa pale, umekunjwa mara mbili, mizizi na yote, bandeji yangu bado imefungwa kwenye tawi. Mkono wa kulia alikuwa ameuhitaji kwa fimbo, ili asianguke. Aliyeung'oa ni mkono wa kushoto. Ulikuwa bado umelishika shina, mishipa imesimama.

"Mzee, ulijua ni nini hii?"

Maneno yake yalikuwa yakitoka mojamoja, yakiburura. "Miaka thelathini. Duka. Homa Bay. Mimi hapana jua bangi?"

"Mbona hukusema?"

"Wewe nafunga bandeji. Naimba. Mimi nasema, huyu mtoto napenda hii maua." Alipumzika. "Lakini wewe iko na shule."

Mama akauliza bangi ni nini na kwa nini sote tumekuwa wendawazimu. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni juu ya udongo, nalia kwa sauti kama mtoto, wala si kwa ajili ya mmea. Nilijaribu kuutoa mkononi mwake ili nikautose haraka chooni, nikashindwa. Mkono uliokuwa haufungi sasa haukujua kufunguka. Nilivifungua vidole kimoja kimoja, nikianza na kidole gumba, na mahali pa shina nikaweka mkono wangu mwenyewe.

"Shika," nikamwambia.

Akanishika mpaka nikaumia, na sikumwambia alegeze.