Siku Niliyobatizwa kwa Jina la Mama Mkwe

Kaa hapo nikusimulie aibu yangu, na ukicheka sitakulaumu, maana mke wangu hajaacha kucheka mpaka leo.

Mama mkwe wangu, mtu wa Haneti, alikubali kubatizwa baada ya miaka mingi ya kukataa, na kanisa alilolichagua huzamisha mtu mzimamzima, kwa hiyo tukampeleka bwawani Mtera. Alipoyaona maji yale yote (kwao Haneti maji huyaona kwenye ndoo) akasimama. Alipoletewa joho jeupe alivae akasema, "Hii ni sanda," akaanza kurudi garini. Mke wangu machozi yakamlenga, kwani anamjua mama yake: akiondoka leo, harudi tena.

Sasa mimi ni hodari wa kueleza. Nikamfafanulia taratibu kwamba kila dini ina namna yake ya kumvusha mtu, Waislamu humnyoa mtoto siku ya akika, Wayahudi humsimamisha kijana asome maandiko mbele ya watu, na hawa huzamisha, basi. Hakushawishika. Kumshika mkono nimwongoze haiwezekani, mkwe hashikwi, kwa hiyo nikaona nimwoneshe kwa vitendo: nikalivaa lile joho mimi mwenyewe, nikaingia majini mpaka kiunoni, nikamgeukia huku nikiendelea na somo, "Unaona, mama, kuzama ni mfano tu wa..."

Mchungaji alikuwa amevua miwani isije ikachukuliwa na maji. Alichokiona ni joho. Nikahisi mkono kisogoni, nikasikia, "Elizabeti, nakubatiza," nikaenda chini kinywa wazi.

Nilipoibuka kwaya ilishapokea wimbo, akina mama wanapiga vigelegele, shemasi ananifunga taulo, na katibu wa kanisa ameshaandika. Mchungaji akavaa miwani, akazitazama ndevu zangu kwa muda mrefu. Wimbo ukafa wenyewe.

Aliyetangulia kusema ni mama mkwe, kutoka ukingoni.

"Mkwe, umerudi mzima?"

"Nimerudi, mama."

"Basi vua nguo yangu."

Akaivaa ikichuruzika maji, akaingia bila kushikwa na mtu, na safari hii mchungaji alibaki na miwani yake.

Shemeji zangu sasa huniita Elizabeti Mkubwa, kwa kuwa nilitangulia. Kwa hiyo wewe, ukimsindikiza mtu kubatizwa, eleza yote nyumbani, kisha ukifika baki nchi kavu ushike taulo.