Bega la Wayua

Kabla hajawa kilema, Gathoni alikuwa na mabega mazuri, na kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa karibu na Ruiru hapakuwa na mtu ambaye hakujulishwa jambo hilo. Akibeba debe la buni alitembea wima, shingo haigeuki, na wachumaji wenzake walisema huyu anadhani kahawa imepandwa kwa heshima yake. Hakuwa mtu mbaya. Alijipenda kwanza, halafu akapenda wengine kwa kilichobaki, na katika miaka ya amani tabia kama hiyo haimdhuru mtu. Unamteta jioni, unamkopa chumvi asubuhi.

Miaka ya amani ikaisha. Mumewe, Muigai, aliaga siku moja kwamba anakwenda kutafuta kuni, na kila mtu kwenye laini alielewa ni msitu gani anaouendea. Huo ulikuwa mwanzo wa Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ilipoanza kuwasaka wapiganaji wa msituni. Ilipofika mwaka wa hamsini na nne, habari zikaenea kwamba Wakikuyu wote wa shamba lile watapakiwa kwenye malori, na kwamba wake za watu wa msituni watatengwa kando ili wahojiwe. Gathoni alikuwa amemwona mwanamke mmoja aliyerudi kutoka kuhojiwa. Alikuwa hawezi kukaa kitako, na alipoulizwa alifanywa nini, aligeuka akaenda zake.

Jirani wa Gathoni, ukuta kwa ukuta, alikuwa Waceke. Walitahiriwa asubuhi moja, kwenye mto mmoja, na kwetu mtu wa rika lako humwachi njiani hata kama humpendi sana. Waceke hakuwa na mume msituni, wala mume popote. Alikuwa na dada mkubwa, Magdalene, aliyeolewa na Mkamba aitwaye Mwanzia huko Gatuanyaga, mashariki ya Thika, na kwa Mkamba malori hayakuwa yakienda.

"Dada atatuficha," Waceke alimwambia. "Nyumba ni yake na mume ni mpole. Tukifika kule tumepona."

Angeweza kwenda peke yake. Aligonga ukuta wa Gathoni kwa hiari yake, na hilo nakuomba ulikumbuke.

Kati yao na Gatuanyaga palikuwa na kizuizi, nje kidogo ya mji wa Thika, barabarani. Mkamba alipita, Mkikuyu alirudishwa au alipakiwa. Askari wa pale, Kaleli, alikuwa Mkamba mwenyewe, na hakuamini vipande vya utambulisho wala ulimi. Kipande hununuliwa, na Thika kila mwenye genge anajua Kikamba cha kuuzia maharagwe. Kaleli aliamini ngoma. Alikuwa akiwapanga wanawake barabarani na mizigo yao, anapuliza filimbi, anawaambia wacheze. Alidai kwamba mwili haujui kusema uongo. Mimi nadhani pia alipenda tu kutazama.

Basi wakakwama upande huu wa kizuizi, katika shamba la mkonge, ambako mwanamke wa Kikamba aitwaye Wayua, mjane mkali mwenye sauti ya msumeno, alikuwa akifundisha wasafiri kama wao. Shule yenyewe ilikuwa ghala la katani, saa ya mchana nyapara anapokwenda kula. Ada ilikuwa kumkatia Wayua sehemu yake ya mkonge, naye alale kivulini. Walikata majani, miiba ikawachoma, maji ya mkonge yakawawasha mikono hadi viwiko, halafu wakaingia ghalani kufundishwa kuwa watu wengine.

"Miguu wacha," Wayua aliwaambia siku ya kwanza. "Miguu ni ya kwenda choo. Hapa tunacheza na mabega."

Mkikuyu hucheza kwa magoti na kiuno, anainama anainuka, ardhi anaijua. Mkamba hutikisa mabega, na kutoka kiunoni kwenda chini anaweza kuwa amelala. Gathoni alitikisa mabega na magoti yakamfuata. Wayua akampiga magoti kwa ufito. Akayazuia magoti, mabega nayo yakaganda.

"Wewe mama uko na mabega ya picha," Wayua alimwambia. "Mazuri, na haifanyi kazi."

Hakuna aliyewahi kuyasema hivyo mabega yake, na machozi yakamlenga. Waceke ndiye aliyeipata ngoma kwanza, yeye aliyekuwa mfupi na mnene na hakujali anavyoonekana. Alisimama nyuma ya Gathoni, akamshika mabega yote mawili, akawa anamsukuma kwa mdundo, hili, lile, hili, huku anamwimbia sikioni wimbo wa kuchuma kahawa ili asiogope. Gathoni akacheka. Hakuwa amecheka tangu Muigai alipokwenda "kuni". Walicheza ghalani vumbi la katani likiwapaliza, wanawake wawili wenye mikono iliyovimba, na nasema kweli kwamba walifurahi.

Kulikuwa na jambo moja wasilolijua. Miaka mingi nyuma Wayua aliangukiwa na fungu la katani, na tangu hapo bega lake la kushoto lilikuwa halipandi sawasawa. Lilipanda nusu, likakwama, halafu likadondoka limechelewa, na kichwa kikalifuata. Wayua hakuwa na kioo, tena nani angethubutu kumwambia? Wanafunzi wake walidhani huo ndio utamu wenyewe wa ngoma. Walijitahidi usiku na mchana kuupata mdondoko ule, kama mwanafunzi mwenye bidii anayechukua hadi kikohozi cha mwalimu. Wakaupata. Wayua akasema sasa wako tayari, waende.

Asubuhi ya kizuizi walikuwa na majina mapya. Gathoni alikuwa Ndunge, Waceke alikuwa Kanini. Walijipanga na wanawake wengine waliokuwa wakirudi kutoka sokoni Thika. Kaleli alikaa juu ya pipa, bunduki mapajani, filimbi mdomoni. Kando palikuwa na lori, na ndani yake watu wamekaa kimya wamepakata mikono.

Filimbi ikalia. Gathoni akacheza, miguu imelala, mabega yanatetemeka vizuri hata yeye mwenyewe akajisikia Mkamba. Kaleli akatabasamu. Alitazama mstari wote, akarudi kwa Gathoni, akamtazama Waceke, akarudi tena kwa Gathoni. Tabasamu likaondoka. Akaitoa filimbi mdomoni.

"Nyinyi wawili. Hiyo bega imefanya nini?"

Wote wawili wakaacha kucheza.

"Mkamba mmoja akiwa kilema, sawa, ni bahati mbaya," Kaleli alisema polepole. "Wakamba wawili kilema moja, bega moja, hiyo ni shule. Nani mwalimu yenu?"

Hapo ndipo Gathoni alipoelewa walichofundishwa. Aliliona lori. Alimwona yule mwanamke asiyeweza kukaa. Waceke alikuwa bado anatafuta la kusema, kwa kuwa Waceke alikuwa mwepesi wa mabega na mzito wa maneno, na Gathoni akamtangulia.

"Mimi nilipigwa teke na ng'ombe nikiwa mtoto," alisema. "Hii ni kilema yangu. Huyu simjui. Tangu asubuhi ananitazama vile nasimama. Hajui ngoma, afande, anaiga mimi."

Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine umekifunga mwenyewe kwa fundo.

"Inua mkono," Kaleli alimwambia.

Gathoni akauinua mkono wa kushoto nusu, kisha akapiga ukelele kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, akaushusha, akajikunja. Alifanya vizuri sana. Kaleli akasema, "Pole, mama. Pita." Halafu akamgeukia Waceke.

Waceke alikuwa na neno moja la kusema. Angelitamka jina tu, "Gathoni", na lori lingebeba wawili. Alimtazama mwenzake, mabega yake yote mawili yametulia, na hakusema. Kwake rika lilikuwa bado ni rika. Askari wa lori wakamshika mkono wakampandisha.

Njia ya kwenda Gatuanyaga ni ndefu na ina vumbi, na mtu ana nafasi ya kutosha kupanga uongo wake. Magdalene alikuwa langoni, ameweka mkono juu ya macho. Alipoona mtu ni mmoja akaanza kulia kabla hajaambiwa.

"Walimshika kizuizini," Gathoni alisema. "Nilimng'ang'ania. Nilikataa kumwachia. Askari akanipiga hapa kwa kitako cha bunduki."

Akaonyesha bega la kushoto. Magdalene akapiga magoti vumbini, akalibusu.

Hivyo ndivyo Gathoni alivyoingia katika nyumba ya dada wa Waceke, akala chakula cha Waceke na kulalia kitanda kilichotandikwa kwa ajili ya Waceke. Magdalene hakumruhusu kubeba maji wala kuni. Kila jioni alipasha mafuta ya kondoo akamsugua bega, huku akimwambia Mwanzia, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Mwanzia aliitikia kwa kichwa, naye akamchinjia Gathoni kuku kila Krismasi. Majirani walimwita Ndunge wa Bega na kwenye arusi walimpisha kiti.

Kaleli naye alikuwa na jamaa upande ule, na kila mara alipita na baiskeli. "Bega inaendelea aje, mama?" Kwa hiyo bega halikuweza kupona. Mwanzoni, akiwa peke yake, Gathoni aliunyoosha mkono juu kabisa, akavifurahia vidole vyake vikigusa paa. Baadaye akaona kuta za fito zina matundu, na watoto wa watu wana macho. Akaacha. Akaufunga mkono kifuani kwa kitambaa, akautazama mwaka hadi mwaka ukikonda, na lile bega lililokuwa likibeba debe bila kutetereka likazama hadi shimo lake likaweza kushika maji. Msiba wa kujitakia hauna kilio. Alilia hata hivyo, na Magdalene akalia pamoja naye.

Waceke alirudi kutoka kambi ya wafungwa mwaka wa hamsini na tisa. Alikuja kwa miguu kutoka Thika, mwembamba, meno ya mbele hakuna, na mikono yake ilikuwa imechimba mitaro na kuponda kokoto hadi vidole havikunjiki. Magdalene alipiga kelele hadi majirani wakaja. Mbuzi akachinjwa. Waceke alikula nyama kidogo kidogo kwa upande wa kinywa, na muda wote huo hakuondoa macho kwa Gathoni, na Gathoni hakupata pa kuyaweka yake.

Watu walipotawanyika, Waceke akauliza, "Bega lako limefanya nini, Gathoni?"

Magdalene ndiye aliyejibu. Alisimulia yote, jinsi Gathoni alivyomng'ang'ania, jinsi alivyokataa kumwachia, kitako cha bunduki, mafuta ya kondoo. Waceke alisikiliza hadi mwisho hadithi ya namna alivyotetewa kwa upendo. Kisha akacheka, na kicheko cha mtu asiye na meno si kizuri kukisikia.

"Inua mkono," alisema. "Mwonyeshe dada."

Gathoni akafungua kitambaa. Nitampa haki yake hapa: alitaka kuuinua. Alikuwa amechoka, na usoni mwa Waceke hakuona chuki, aliona mtu anayengoja tu apewe kilicho chake. Akauinua. Mkono ukafika nusu, ukakwama, ukadondoka umechelewa, na kichwa kikaufuata. Akajaribu tena, jasho likamtoka, meno ameyauma. Haukupanda.

"Basi!" Magdalene akasimama. "Mtu amevunjika kwa ajili yako, nawe unamfanya mchezo?"

"Hakuna aliyempiga," Waceke alisema. "Tulifundishwa bega hilo na mwanamke mmoja wa mkonge. Mimi ndiye niliyemshika mabega akajua. Kizuizini alisema hanijui, kwamba namwiga. Muulize."

Magdalene akamgeukia Gathoni. "Ni kweli?"

Neno lilikuwa moja, tena fupi. Gathoni alilifikia kabisa, lilikuwa juu ya ulimi. Halafu akaliona paa la nyumba, kitanda, bakuli la mafuta kando ya jiko. Akajiona na mkono wake mmoja barabarani, mwanamke asiye na mume wala shamba, na watu wa Gatuanyaga wakimtemea mate.

"Kambi huharibu watu vichwa," alisema taratibu. "Usimkasirikie, Magdalene. Amepata taabu."

Waceke hakubisha. Alizoea kutoaminiwa, alikuwa amehojiwa miaka mitano. Alikitafuta kitambaa chake cha kichwa, akakifunga kwa shida na vidole vile, akasema, "Haya, dada, kaa na mgonjwa wako." Akatoka. Magdalene alisimama mlangoni, akangoja ageuke aombe radhi. Waceke alishika njia ya Thika na hakugeuka.

Jioni ilipoingia Magdalene akapasha mafuta kama kawaida. Alilia mfululizo, machozi yakidondokea bakulini, na Gathoni akamgeuzia bega.

"Nisamehe kwa aliyoyasema," Magdalene alimwambia, akisugua. "Sasa wewe ndiye dada niliyebaki naye."