Kinyundo Kichakani

Kila ninapopita kwa fundi viatu pale sokoni Tottenham, harufu ya gundi na ngozi hunirudisha uani kwetu, asubuhi moja, nimechuchumaa mbele ya kichaka nikijizuia kupepesa macho.

Bibi jirani, mzaliwa wa Ayalandi, alikuwa ameninong'oneza: "Leprikoni ni kijini fundi viatu, mdogo kama kiganja chako. Mkazie macho, atakupa utakacho. Ukigeuka tu, humwoni tena."

Nilitaka mama aache kazi ya usiku.

Na nilisikia kweli: ko, ko, ko, nyundo ndogo juu ya soli. Majani yakatikisika.

Mlango ukafunguliwa nyuma yangu. Mama alikuwa ametoka zamu. Kwetu mzazi harudi nyumbani akapokewa kwa mgongo. Nikageuka, nikamtua mkoba kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Kichaka kikawa kimya.

Siku hizi nadai ushahidi wa kila kitu. Nimeshadhani mlio ule ni ndege, nimeshadhani ni bomba la maji. Lakini asubuhi ile sikuwa nimemwambia mama neno, naye alisimama pale, viatu mkononi, akikitazama kichaka.

"Mbona huyo fundi ameacha kugonga?" akauliza.