Mihogo Kwenye Chemchemi Iliyofunikwa

Iko siku moja ninayoikumbuka kila nikinywa maji, mwanangu, na wewe unayekwenda kujengea watu mabomba uisikie.

Wakati huo kijiji chetu, huku milimani juu ya mji wa Baraka, kilikuwa kikichota maji mtoni, na kila mvua zikianza kipindupindu kilipita nyumba kwa nyumba. Echa, mke wa mwanangu wa kwanza, alimzika mtoto wake wa kwanza kwa ugonjwa huo. Alipopata wa pili akawa anachemsha maji mpaka kuni zinaisha, majirani wakamcheka. Mimi sikumcheka.

Ndipo Wilondja, mtoto wa kaka yangu, akarudi kutoka Bukavu alikosomea kompyuta. Alituambia wako watu wa nchi za mbali, kila mmoja hutoa kidogo kwa simu yake, na michango yao inakaa kwenye kitu kinachoitwa blokcheni. Kila kinachoingia na kutoka kinaandikwa kwenye kompyuta nyingi kwa pamoja, na hakuna mkubwa anayeweza kukifuta. Sisi tulioona fedha za miradi mingi zikiliwa njiani tulimpenda papo hapo.

"Tante, franga hii hakuna mutu ataigusa," aliniambia mimi shangazi yake kuhusu fedha hizo. "Tukimaliza kazi tunatuma foto, na ingine inafunguka yenyewe."

Na kweli ikawa hivyo. Chemchemi iliyoko mlimani juu ya kijiji ilijengewa chemba ya saruji yenye kifuniko, mabomba yakashuka mpaka kijijini, foto zikatumwa, fedha zikaja. Bomba lilipofunguliwa Echa alilia mbele za watu, nami nikalia naye.

Lakini pale kwenye chemchemi ndipo wanawake walipokuwa wakiloweka mihogo. Mihogo yetu ni michungu, usipoiloweka vizuri inakudhuru. Mashimo yao ya kulowekea yalifukiwa kazi ilipoanza, na kwenye kikao cha mradi walikaa wanaume tu. Utaniambia kuloweka mihogo si habari ya wanaume. Lakini bugali, ugali wa mihogo hiyo, wanaujua sana.

Basi, asubuhi moja maji ya bomba yalitoka yakinuka. Nikapanda juu na Wilondja. Kifuniko kilikuwa kimesukumwa pembeni, na Echa amepiga magoti hapo, mtoto mgongoni, anatoa mihogo yake aliyoiloweka ndani ya chemba.

Nilikasirika sana. "Echa! We mwenyewe? Na ule mutoto ulizika?"

Hakukimbia. "Mama, mulifunga fasi yetu ya kuloweka, hakuna mutu alituuliza. Kule mutoni banatuibia mihogo. Mi najua maji mubaya inaua. Na huyu, atakula nini?"

Wilondja alitoa simu yake, akaitazama, akairudisha mfukoni. Foto zake zilikuwa zimeonyesha kazi imekwisha, na blokcheni haifuti kitu. Fedha za kuchimba mashimo mengine hazikuwemo.

Tukachimba wenyewe, wanawake, chini ya chemba, tukayaelekeza huko maji yanayofurika. Wilondja alichimba pamoja nasi. Echa alisugua chemba kwa mikono yake, akakataa kusaidiwa. Juma lile mtoto wake aliharisha, na Echa hakumtua mgongoni mpaka mtoto alipopona. Niliogopa sana, mwanangu, na ninakwambia wazi.

Mimi siikatai blokcheni. Inazuia wezi, na kwetu hilo si jambo dogo. Lakini inajua tu kile ulichoiambia. Ukipeleka maji kwa watu, kabla hujapiga foto yoyote, tafuta mwanamke anayefika pale kila asubuhi. Muulize maji yale anayafanyia nini, na ukae hapo mpaka amalize kukujibu, hata kama wakubwa wanakusubiri kikaoni. Akikutajia jambo linaloharibu ramani yako, ibadilishe ramani.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, mwanangu, na akupe watu wa kukuambia ukweli kabla saruji haijakauka.