Upande wa Bibi Vifungo

Katika karakana ile ya kushona sare za shule, mwanamke aliyekata vitambaa aliitwa Madam. Hakuwahi kufundisha hata siku moja. Mwalimu alikuwa baba yake, tena mwalimu mkuu, na binti alirithi kwake mgongo ulionyooka, mwandiko mzuri na tabia ya kusema "tafadhali" hata anapomwomba mtu asogeze mguu. Wenzake walimbandika jina hilo kwa mzaha wiki ya kwanza. Mzaha ukaisha, jina likabaki. Naye alilipenda, ingawa angeulizwa angekana.

Kazi yake ilikuwa ya kuaminiwa. Tabaka kumi za kitambaa hulazwa mezani, moja juu ya nyingine, mkataji huchora kwa chaki juu kabisa, kisha hupitisha mkasi mzito mara moja tu. Akikosea, hajaharibu sketi moja, ameharibu kumi. Madam alikuwa na miaka tisa mezani pale bila kuharibu hata moja, na mwenye karakana alipoleta wageni aliwasimamisha nyuma yake wamwangalie.

Saa ya chakula ndiyo iliyokuwa na kasoro, na Madam aliamini kasoro hiyo inajulikana na watu wawili tu.

Mwenye karakana hakutaka habari ya sahani ishirini na mtu wa kuziosha. Mpishi alipakua kwenye masinia manne, watu watano kila sinia: wali umetandazwa, mboga za majani zimezungushwa pembeni, vipande vitano vya nyama juu. Kila mtu alijua upande wake. Madam alikaa kwenye kona, ukuta mkono wa kulia, na mkono wa kushoto Bibi Vifungo, mwanamke aliyekula chumvi nyingi kuliko wote pale, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza matundu ya vifungo na kushonea vifungo vyenyewe kwa mkono.

Madam alikuwa hawezi kula mboga. Si kwamba hakuzipenda tu, mwili ulizikataa. Majani yaliyopikwa yakilala juu ya ulimi wake, koo lilifunga mlango. Alipokuwa na umri wa miaka saba, mezani kwa baba yake, mbele ya mkaguzi wa shule na mkewe, alilazimishwa kumaliza kabichi, akaitapika kwenye kitambaa cheupe cha meza. Baba hakumchapa. Alikaa siku tatu bila kumsemesha. Tangu hapo binti alijua mambo mawili: kwamba mboga hataziweza, na kwamba hakuna mtu atakayekuja kulijua hilo tena.

Kwa hiyo alizisukuma. Alikuwa na vidole vya mkataji, vyepesi na vyenye hesabu. Alianza kwa kula wali wa mpakani, akafungua njia, kisha mboga zikahama taratibu, kidogo tonge hili, kidogo tonge lile, mpaka zote zikawa upande wa Bibi Vifungo, na mpaka wenyewe umenyooka kama mstari wa chaki. Bibi Vifungo alikula zilizomfikia bila neno. Mwishoni alimega kipande chake cha nyama, akasogeza nusu kwa Madam.

"Chukua, mwanangu. Meno yangu yamechoka. Wewe unasimama siku nzima."

"Ahsante, Bibi."

Ikawa hivyo miaka tisa. Madam alijiambia kwamba mzee anapenda mboga, na kwamba meno yake kweli yamechoka. Ukitaka kuamini jambo linalokufaa, hukosi sababu. Nyumbani nako, aliwapakulia wanawe wawili mboga na kuwasimamia mpaka wamalize, yeye akisema ameshiba kazini.

Kisha macho ya Bibi Vifungo yakaanza kumkatalia. Akatunga uzi mara tatu bila kupata tundu la sindano, akacheka, akakunja aproni yake, akaaga. Nafasi yake kwenye sinia akapewa mpiga pasi.

Huyu alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mikono yenye alama za moto, ambaye hakujua kumung'unya maneno. Siku ya kwanza alitazama. Siku ya pili alitazama tena. Siku ya tatu, mboga za Madam zilipovuka mpaka, aliweka kidole chake cha shahada katikati ya sinia kama polisi wa barabarani.

"Samahani, Madam. Huku kwangu ni jalala?"

Mikono yote ikasimama.

"Sijakuelewa," Madam alisema.

"Umenielewa vizuri. Jana nilidhani mkono umeteleza. Juzi nilidhani unanikaribisha. Leo nimehesabu, dada yangu: upande wako mweupe pee kama shuka la hospitali, kwangu msitu."

Mshona kola, aliyekaa mkabala nao, akapaliwa na wali kwa kicheko. Madam akajikaza kisabuni.

"Mimi nilikuwa namwachia Bibi. Alikuwa anazipenda."

"Alikuwa anazipenda! Na nyama je, alikuwa haipendi?" Mpiga pasi aliwageukia wenzake. "Si mlikuwa mnaona nyinyi? Mimi nilikuwa sinia la pili na nilikuwa naona. Miaka tisa bibi wa watu anakula majani ya watu wawili, na nusu ya nyama yake inakwenda kwenye kona ile. Nami nikasema, aa, labda wana undugu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mshona kola alitazama wali. Madam akaona, kwa mara ya kwanza, kwamba walikuwa wakiona. Si leo, wala si jana. Kila aliposema "tafadhali" na "ahsante", kila aliponyoosha mgongo wake, watu hawa walikuwa na sinia machoni mwao. Damu ikampanda usoni hadi masikioni. Aliinuka, akanawa, akarudi kwenye meza yake kabla ya muda, na mchana huo, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, mkasi uliacha mstari wa chaki. Sketi kumi zilitoka na kiuno kilichopinda. Mwenye karakana alisema haidhuru. Afadhali angegomba.

Siku tatu alisema anafunga kwa ajili ya tumbo. Alikunywa chai kwenye kona, akisikia masinia yakigongana, akidhani kila kicheko ni chake. Kilichomuuma zaidi ya yote lilikuwa neno lile, bibi wa watu. Kama angekuwa mlafi kweli, lingemuuma kidogo. Lakini alikuwa binti wa mwalimu mkuu, aliyefundishwa kwamba mkono wa mtu kwenye chakula ndio unaosema alilelewa wapi, na sasa mkono wake ulikuwa umesema.

Jumamosi akaamua. Angekwenda kwa Bibi Vifungo, amsalimie, ampelekee zawadi, kisha amwombe jambo moja dogo: siku moja apite karakanani kuwaona wenzake, na katika mazungumzo, kama kwa bahati tu, aseme kwamba yeye siku zote alikuwa mpenda mboga. Neno moja la mzee lingefuta kila kitu. Akanunua kilo moja ya nyama isiyo na mfupa, akavaa vizuri, akaenda.

Bibi Vifungo aliishi na binti yake katika vyumba viwili nyuma ya duka la baiskeli. Ukuta ulikuwa na kalenda ya zamani, na dirishani mkebe uliojaa vifungo visivyofanana. Mzee alimtambua kwa sauti kabla ya sura.

"Madam! Karibu, mwanangu, karibu. Mama Mdogo, lete kiti chenye miguu minne."

Binti, mwanamke wa makamo aliyeitwa Mama Mdogo hata na mama yake, alileta kiti, akapokea nyama kwa mikono miwili na kufungua macho.

"Yote hii? Mama atafurahi mno. Maana huyu, dada, ni nyama tu. Mboga hagusi ng'o. Tangu sisi wadogo, tukipewa mchicha yeye anakula wali na chumvi. Sasa daktari amemsema, amesema tena, kila siku ale majani. Tunambembeleza kama mtoto mchanga."

Madam alibaki ameshika mkoba.

"Hali mboga?" aliuliza.

"Hajawahi!"

Bibi Vifungo alikuwa ameinamisha kichwa na kupapasa upindo wa khanga yake, kama mtoto aliyekutwa kabatini.

"Lakini kazini," Madam alisema, na sauti yake haikuwa ya kwake, "kazini alikuwa anakula. Kila siku. Zake na..." Akakwama.

"Mama! Kazini unakula, nyumbani unatutesa?"

"Kaweke nyama jikoni," mzee alisema.

Binti akaenda, lakini mlango aliuacha wazi, maana hata yeye alikuwa na masikio.

"Bibi," Madam alisema, "kwa nini?"

Mzee aliuachia upindo wa khanga. "Siku yako ya kwanza. Unaikumbuka? Ulitia mboga mdomoni, ukazishika humo. Humezi, hutemi. Machozi yanakulengalenga, na umekaa wima kama uko kanisani. Nikasema moyoni, huyu mtoto wa watu akizitoa hapa mbele ya hawa wasengenyaji, kesho harudi kazini. Ukageuka ukajipangusa na leso. Zikaingia kwenye leso. Mimi nikavuta zilizobaki upande wangu. Basi."

"Wewe ulianza kuzivuta?"

"Siku ile. Kesho yake ukanisaidia kuzisukuma."

Jikoni kitu kilianguka, binti akaguna.

"Na wewe huziwezi."

"Nilikuwa nazimeza kama dawa. Mwaka mzima nameza kama dawa. Nilikuwa naanza na zile, kabla ya kitu kingine, njaa ikiwa bado kali, maana ukishashiba zinakukabili kama mkwe mwenye madai. Halafu mpishi nilimwomba ndimu. Na nilitafuna kidogo kidogo, tonge la wali juu yake. Mwaka wa tatu sikuzipenda, ila tulikuwa tunafahamiana." Akacheka bila sauti. "Tangu nimeacha kazi, sijazigusa. Za nini? Nani wa kumfichia?"

"Na nyama, Bibi? Meno?"

Bibi Vifungo alifungua mdomo, akamwonyesha. Meno yalikuwa yote, madogo na imara kama vifungo vya shati.

"Niliona unakula wali mtupu na kipande kimoja. Utasimamaje siku nzima?"

Madam alitaka kusema neno, akakuta maneno yake mazuri yote, yale ya nyumbani kwa baba, hayana saizi ya jambo hili. Ombi alilokuja nalo lilikuwa limekaa kifuani kama mwizi chumbani. Alikuja kumtuma mzee huyu akaseme uongo mwingine, baada ya ule wa miaka tisa. Akatazama miguu yake mwenyewe, viatu alivyovipangusa asubuhi ile ili aonekane mtu.

"Nilikuja kukuomba kitu," alisema hatimaye. "Nimeona haya kukisema. Sasa naomba kingine. Mama Mdogo akipika, apike na mboga. Tule mimi na wewe."

"We! Nilikudhani unanipenda."

"Naomba kwa niaba ya daktari."

"Na wewe nani anakuombea?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimekuja."

Binti hakungoja kuitwa. Mboga zilikuja za kijani kibichi, zimepikwa kidogo tu, na ndimu nzima iliyokatwa vipande vinne. Sinia liliwekwa kati yao. Kwa mazoea vidole vya Madam vilianza kufungua njia kwenye wali, akaviona, akavisimamisha. Alichukua mboga kwanza, kabla ya chochote, akakamulia ndimu, akaweka wali juu. Koo likafunga mlango. Akangoja. Mzee naye alikuwa akitafuna, uso umekunjamana, jicho moja limefumbwa. Hakuna aliyemsaidia mwenzake. Madam akameza. Haikuwa tamu. Akachukua tena.

Jumatatu alirudi kwenye sinia. Alikaa kwenye kona yake, mpiga pasi akasogea kumpisha bila kumtazama, maana na yeye, ijapokuwa hakusema, alikuwa amelala vibaya kwa maneno yake. Madam alitoa ndimu mfukoni mwa aproni na kuiweka pembeni mwa sinia.

"Kabla hamjaanza," alisema. Mgongo ulikuwa umenyooka, lakini mikono aliificha mapajani. "Bibi Vifungo alikuwa hali mboga. Alikuwa anazichukia kuliko mimi. Alikula zangu ili nisiaibike, na akanipa nyama yake, na meno yake ni mazima. Mimi nikapokea miaka tisa. Sikuuliza. Ndivyo ilivyokuwa."

Madam alijua kwamba jina lake jema, kama alivyolijua, lilikuwa limekwisha hapo, juu ya wali, mbele ya mshona kola ambaye kufikia jioni angeifikisha habari kila mahali. Masikio yalimwaka moto.

"Sasa si ungesema tu, Madam?" mpiga pasi alisema, polepole. "Siku ya kwanza tu. Mimi bamia siziwezi, na nani hajui?"

"Nilishindwa."

Mpiga pasi alichukua ndimu, akaikata kwa mkasi mdogo wa nyuzi, akampa kipande. Kisha, kwa kidole kilekile, akachora mstari kwenye wali kati yao.

"Huu mpaka. Ukivuka napiga filimbi."

Watu wakacheka, na Madam hakucheka nao, bado. Akaanza na mboga. Zilikuwa zimepikwa mno, laini, zimelowa mafuta, kama zile za mezani kwa baba. Alimeza tonge la kwanza na la pili. La tatu lilimshinda, akaliacha upande wake, mahali ambapo kila mtu angeliona.