Vidole vya Ralaivao Havisikii Tena Plagi

Saa moja asubuhi ya Julai, ukungu haujatoka kwenye mteremko wa mtaa wa Ambanidia, na Fundi Ralaivao ameinama juu ya injini ya katrele, teksi ndogo ya rangi ya maziwa yenye umri mkubwa kuliko dereva wake. Ameichomeka plagi kwenye kipande cha mpira wa petroli na anauzungusha taratibu. Plagi ikiingia upande, mpira huteleza na kumwonya.

Plagi mbili za kwanza amezikaza mwenyewe, kwa hofu. Kwa ya tatu anafanya jambo ambalo kwa miaka thelathini na moja hajawahi kulifanya mbele ya mteja. Anamwita mkewe.

"Vololona, njoo unisikilizie hapa."

Vololona anauza kahawa na vitumbua vya mchele hatua tano kutoka hapo. Anafuta mikono kwenye aproni na kuja. Mwenye teksi, Mamisoa, aliyesimama na chupa yake ya lita moja ya petroli, anacheka.

"Leo mama ndiye fundi? Basi mzee wangu kageuze vitumbua!"

"Vitaungua," anajibu Ralaivao. Yeye hacheki.

Madereva wa mtaa huu wamemlalamikia kwa miaka, na bado wanarudi. Kosa lake ni moja: hakazi plagi injini ikiwa ya moto. Uje na haraka zako, uje na bibi harusi kiti cha nyuma, utanunua kahawa kwa Vololona na utangoja. Wako wanaosema mume na mke walipanga biashara hiyo pamoja.

"Kichwa cha injini ni alumini, na alumini ni laini," humweleza kila mteja. "Plagi ni chuma. Ukizigombanisha, inayoumia ni alumini. Unaanza kwa vidole mpaka igote. Ikiwa mpya, unaongeza nusu mzunguko kwa spana, ringi yake ibonyee. Ikiwa ya zamani, unaongeza kidogo sana, unaacha. Watu wengi wanajua kukaza, mdogo wangu. Kuacha ndiyo kazi."

Kwa kazi hiyo hulipwa ariari elfu nane, na siku nzuri huona teksi tatu. Ipo spana yenye saa ya kupimia nguvu, ambayo ingemwambia mahali pa kuacha, lakini bei yake inakula mapato ya miezi miwili, na sasa kuna vidonge vya kununua kwanza.

Vidonge vilianza Juni. Ralaivao alikuwa ameweka vidole juu ya injini, kama anavyofanya siku zote, kuona kama imepoa. Alihesabu hadi kumi akaridhika. Aliyeshtuka ni Vololona.

"Nilisikia harufu," anasema mama huyo. "Nikadhani ni kitumbua kimeshika kwenye chuma. Nageuka, namwona mume wangu, Baba Haja, ametulia tu, na ngozi ya vidole vyake inaungua. Nikampigia kelele. Akaniuliza, kelele za nini?"

Zahanati walimwambia ni sukari, na imekuwa mwilini siku nyingi. Ganzi imeanza vidoleni, na miguu nayo iangaliwe. Alama za moto bado zipo, nyeupe, kwenye ncha za vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Njiani kurudi nyumbani hakuwaza miguu. Aliwaza teksi ya Mamisoa.

Mwezi wa Aprili alikuwa ameikaza plagi hiyohiyo ya tatu. Siku mbili baadaye, Mamisoa akiwa na abiria wanne kwenye kilima, ilichomoka kwa kishindo pamoja na meno yote ya alumini yanayoishika. Kila mtu alisema ni plagi bandia, fundi naye akakubali. Teksi ikalala. Mamisoa, ambaye gari hilo ndilo urithi wake wote kutoka kwa baba yake, akaenda kubeba magunia ya mchele sokoni hadi alipopata fedha za kuchongesha meno mapya. Leo gari limesukumwa na jamaa watatu hadi hapa, kwa sababu, anasema, haamini mkono mwingine.

Neno hilo ndilo lililomshinda fundi. Anaweka spana chini.

"Mamisoa, ile plagi haikuwa bandia. Niliiingiza upande na sikusikia. Vidole vyangu vimekufa. Meno nimeyachana mimi."

Mamisoa anakikaza kizibo cha chupa yake ya petroli.

"Miezi mitatu nimejilaumu mimi," anasema. "Kila gunia walilonitwika nilisema, haya ni malipo ya haraka zangu. Hata mke wangu nilimwambia ni mimi niliyekukimbiza siku ile."

"Ulipiga kelele, ndiyo. Lakini nilisubiri ikapoa. Ni vidole."

"Umejua lini?"

"Juni."

"Na hukuja."

"Sikuja. Niliona aibu."

Inaumiza kumtazama mzee wa miaka hamsini na nane akisema hivyo mbele ya mkewe. Mamisoa hasemi amesamehe. Anamgeukia Vololona.

"Zimebaki mbili. Kaza wewe, mama. Na zile mbili uzipitie."

Vololona anazungusha mpira. Mumewe amesimama nyuma yake, mikono mfukoni.

"Unasikia nini?"

"Inaingia yenyewe… Sasa imegota."

"Chukua spana. Ongeza kidogo. Kidogo tena. Acha."

"Nimeacha."

Mamisoa analipa, anakataa kahawa, na kuondoka. Anauteremka mlima injini ikiwa imezimwa, kama madereva wote wa hapa wanaobania petroli. Wawili hao wanabaki wakitega masikio. Kule bondeni injini inawaka, kisha inaanza kupanda kilima cha pili.

"Nne," anasema Ralaivao. "Zote zinafanya kazi."

Mpango wake ni kwamba kabla ya mvua za Novemba Vololona aweze kukaza plagi bila kuelekezwa, halafu amfundishe na valvu. "Yeye awe mikono," anasema. "Mimi nitakaa kwenye stuli niwe masikio. Kama Mamisoa atarudi."

Vololona anamimina kahawa kwenye kikombe cha bati, anakishika kwa viganja vyote viwili, na kuendelea kukishika mpaka kipoe, ndipo anampa mumewe.